Boneti ya faiba kwenye ndege ya kujiundia: uitie nguvu kwa njia ipi?

Boneti ya faiba ikianza kupasuka kwenye ndege ndogo ya kujiundia, ushauri utakaopewa hapa Dar ni mmoja, mara nyingi kabla hata fundi hajaiona: "Ongeza faiba." Si ushauri mbaya. Tatizo ni kwamba boneti hupasuka kwa sababu mbalimbali, na kuongeza faiba bila kujua sababu kunaweza kukuachia boneti nzito ambayo bado inapasuka palepale.

Kwa boneti nina maana ya ganda lote linalofunika injini, la juu na la chini, kuanzia nyuma ya propela hadi kwenye ukuta wa kuzuia moto. Njia zinazoshindanishwa hapa ni nne:

- Kuongeza matabaka ya kitambaa cha faiba kwa epoksi (aina ya resini, yaani gundi ya majimaji inayokauka na kuzishika nyuzi), upande wa ndani.
- Kuongeza mati (mkeka wa nyuzi fupi za faiba, usiofumwa) na poliesta (resini ya aina nyingine), kama wafanyavyo mafundi wa boti wa Kunduchi na Msasani.
- Kubandika mbavu za povu gumu na kuzifunika kwa kitambaa cha faiba.
- Kuongeza tabaka la kitambaa cha nyuzi za kaboni kwa epoksi.

Kwanza, boneti yako inasumbuliwa na nini?

Ifunge boneti mahali pake, kisha ibonyeze kwa kiganja pande zote. Mashavu ya pembeni na tumbo la chini ndiko kwenye maeneo mapana yaliyo bapa. Yakiingia ndani na kurudi, huo ni ulegevu. Ndege ikiwa kasi, hewa inayoingia kwenye matundu ya mbele hujaa ndani na kuisukuma boneti kwa nje, na mtetemo wa injini unaikuta tayari imetuna. Inapumua hivyo saa baada ya saa, mwishowe inachanika.

Halafu ivue, chukua sarafu ya shilingi 200, ugonge taratibu kila baada ya sentimita mbili tatu. Faiba iliyoshikana vizuri hutoa mlio mkali na mkavu. Ukifika mahali mlio unafifia na kuwa mzito, matabaka yameachana hapo, au mafuta yamepenya katikati. Pazungushie kalamu. Utashangaa jinsi eneo bovu linavyokuwa kubwa kuliko ufa unaouona kwa macho.

Nyufa zinazoanzia kwenye matundu ya skrubu ni habari nyingine. Hapo eneo zima si legevu. Mzigo wote umekusanyika kwenye ukingo wa tundu. Na ukiona upande wa ndani umebadilika rangi ukawa kahawia karibu na ekzosi, resini imeungua, na hakuna tabaka utakaloweka juu ya resini iliyoungua likadumu.

Kwa hiyo una ulegevu, kuachana kwa matabaka, nyufa za matundu, au joto. Soma yafuatayo ukijua lako ni lipi.

Vigezo

Nimezipima njia zote nne kwa mambo matano: uzito zinaoongeza, ugumu zinaoleta, namna zinavyostahimili joto, namna zinavyoshika kwenye boneti ya zamani, na upatikanaji pamoja na ugumu wa kazi yenyewe hapa Dar. Bei nimeiweka ndani ya hilo la mwisho, kwa sababu hubadilika kila shehena inapoingia.

Uzito

Hiki ndicho kigezo ambacho fundi wa boti hana sababu ya kukihangaikia, na kwenye ndege ndicho cha kwanza. Boneti iko mbele kabisa ya kitovu cha uzito, hivyo kilo moja iliyoongezwa pale huilemea pua ya ndege kuliko kilo hiyohiyo ikiwa chini ya kiti.

Tuchukue boneti yenye eneo la ndani la mita za mraba 2. Kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba, kikipakwa kwa mkono na mtu makini, hunywa resini karibu sawa na uzito wake. Tabaka moja ni kama gramu 400 kwa mita, yaani gramu 800 kwa boneti nzima. Kaboni ya gramu 200 inakuja palepale, kwa kuwa nayo hunywa resini kwa kiasi hichohicho.

Mati ya gramu 450 ni ulimwengu mwingine. Kwa kawaida faiba huwa kama asilimia 30 tu ya uzito wa mati iliyopakwa, na asilimia 70 iliyobaki ni resini. Tabaka moja linakaribia kilo 1.5 kwa mita ya mraba. Boneti nzima: kilo 3.

Mbavu za povu ndizo zinazoshangaza. Mita 4 za ubavu wenye upana wa milimita 25 na kimo cha milimita 10 ni lita moja ya povu. Povu la PVC la kilo 80 kwa mita ya ujazo litakuwa na gramu 80. Ongeza vipande vya kitambaa vya kuzifunika, matabaka mawili, na jumla haifiki mbali na gramu 400. Hiyo ni nusu ya tabaka moja la kitambaa.

Ugumu

Ugumu wa ganda bapa hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene. Ukizidisha unene mara mbili, ugumu unaongezeka mara nane. Ukishaielewa hesabu hii, nusu ya ubishi kuhusu vifaa unakwisha wenyewe, maana unene mara nyingi hushinda aina ya nyuzi.

Boneti ya milimita 1.5 ikiongezewa matabaka mawili ya kitambaa cha gramu 200 inafika kama milimita 2, na ugumu wake unazidi mara mbili kidogo. Tabaka moja la mati linaipeleka karibu na milimita 2.5, kwa hiyo kwa hesabu ya unene peke yake ungetarajia zaidi ya mara nne. Hupati yote, kwa sababu nyuzi za mati ni fupi, zimetawanyika ovyo, na zinaelea kwenye resini. Hata hivyo fundi wa boti anapokuambia mati "inakaza," hakudanganyi. Inakaza kweli, ila unailipia kwa uzito.

Ubavu wa povu unatumia hesabu ileile kwa akili zaidi: unaweka kitambaa mbali na ganda, katikati unajaza kitu chepesi. Unakaza sana pale ulipo na kwa mwelekeo wake. Katikati ya mbavu mbili ganda linabaki lilivyokuwa, kwa hiyo upangaji ni muhimu. Kwenye shavu la boneti, mbavu mbili au tatu zinazokata eneo bapa vipandevipande zinatosha kuzima kule kupumua. Ncha za kila ubavu zichongwe ziwe na mteremko mrefu hadi zipotee. Ubavu unaokoma ghafla hutengeneza mpaka mgumu, na ufa mpya utaanzia hapohapo. Mbavu pia zina kawaida ya kujichora kwa nje ganda likiwa jembamba, hasa likikaa juani. Kama unajali sura ya rangi, ujue mapema.

Kaboni inasifiwa sana, na sifa zake ni za kweli: nyuzi zake za kawaida zina ugumu wa kama gigapaskali 230, wakati za kioo, yaani za faiba ya kawaida, ni kama 72. Tabaka moja la kaboni linafanya kazi ambayo kitambaa cha kioo kingehitaji matabaka kadhaa. Lakini kaboni karibu haitanuki ikipata joto, na faiba hutanuka. Ukibandika kaboni upande mmoja tu wa ganda jembamba la faiba, vitu viwili vyenye tabia tofauti vimefungwa pamoja, na boneti inaweza kupinda hadi mistari yake ya kufungia isikutane. Kwenye boneti iliyoundwa yote kwa kaboni tatizo hili halipo. Kwenye kiraka cha ukarabati lipo.

Kevlar, aina nyingine ya nyuzi? Haipasuki kirahisi na inazuia ufa usisambae, ila kuikata ni kazi, na ukiipiga msasa inatoa manyoya badala ya kulainika. Sijaiweka kwenye orodha.

Joto

Injini ikizimwa, hewa inakoma kupita na joto lote la silinda na ekzosi linapanda kwenye boneti ya juu. Ongeza jua la saa nane mchana kwenye uwanja wa lami. Epoksi nyingi zilizokauka kwa joto la kawaida huanza kulainika mahali fulani kati ya nyuzijoto 50 na 70 za Selsiasi, na poliesta ya kawaida haiko mbali na hapo. Rangi nyeusi au buluu iliyokolea inaweza kufika huko kwa jua tu, injini ikiwa baridi. Ndiyo maana ndege nyingi za faiba ni nyeupe.

Epoksi ina faida moja hapa: ukiipasha joto polepole baada ya kukauka, kwa kufuata maelekezo ya aliyeitengeneza, kiwango chake cha kulainika kinapanda. Watu hutengeneza boksi la mbao lenye taa au hita na kipimajoto. Inahusu kitambaa, kaboni na mbavu kwa pamoja.

Kwenye povu kuwa macho. Lile povu jeupe linalofungia friji na televisheni ni polistireni. Petroli inaliyeyusha, na poliesta inaliyeyusha pia mbele ya macho yako. Ubavu uliotengenezwa kwa povu hilo unaweza kubaki bomba tupu siku petroli ikivuja. Tumia povu la PVC, au la poliyurethani, ambalo linachongeka kwa urahisi na halishindwi na petroli. La poliyurethani usilikate kwa waya wa moto. Moshi wake ni sumu.

Hakuna njia hata moja kati ya hizi nne inayogeuza boneti kuwa kinga ya moto. Karibu na ekzosi kinachosaidia ni ngao ya bati jembamba la alumini au chuma, ikiwa na nafasi ya hewa kati yake na boneti.

Kushika kwenye boneti ya zamani

Epoksi hushika vizuri juu ya poliesta iliyokauka. Poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi. Ukibaki na sentensi moja kichwani kutoka hapa, iwe hiyo. Boneti ikiwa ya epoksi, njia ya mati na poliesta imejiondoa yenyewe. Ikiwa ya poliesta, una uhuru wa kuchagua, ingawa hata hapo epoksi hushika kwa nguvu zaidi kwenye ganda la zamani.

Kuna mtego wa pili. Mtu anajua epoksi ni bora, anajua mati ni rahisi kupata, anaamua kuvichanganya. Mati nyingi nyuzi zake zimeshikanishwa kwa gundi inayoyeyushwa na kemikali iliyo ndani ya poliesta. Epoksi haina kemikali hiyo. Mati inabaki ngumu, haikai kwenye kona, inaacha mapovu ya hewa. Epoksi inataka kitambaa kilichofumwa.

Kwa zote nne maandalizi ni yaleyale, na ndiyo yanayoamua kazi. Osha mafuta kwanza, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unayasugulia mafuta ndani. Kwangua hadi ufikie faiba safi. Kwenye ufa, toboa tundu dogo la kama milimita 3 kwenye ncha yake usiendelee kukimbia, kisha kwangua kingo kwa mteremko. Kwenye boti watu hutosheka na milimita 12 za mteremko kwa kila milimita 1 ya unene. Kwenye ndege nenda 20 au zaidi. Kuzunguka matundu ya skrubu, kitambaa kikatwe kwa mshazari, nyuzi zikae kwa pembe ya digrii 45 kutoka kwenye ukingo.

Vifaa na kazi yenyewe Dar

Poliesta na mati havikusumbui. Matangi ya maji, boti na mabodi ya magari vimelifanya soko liwepo, na mafundi wenye mikono mizuri wapo. Ni bei nafuu, inakauka haraka, na kama umekosea unakwangua na kurudia kesho. Kwa kigezo hiki mati na poliesta inaongoza kwa mbali.

Epoksi inayouzwa madukani hapa mara nyingi ni ya sakafu au ya gundi. Hizo ni nzito, hazilowanishi kitambaa vizuri. Uliza waziwazi kama ni ya kupakia faiba. Ukiamua kuagiza nje, kitambaa na kaboni vinasafiri bila shida, lakini hadina (kemikali inayochanganywa na resini ili ikauke) nyingi huhesabiwa mizigo hatari na kwa ndege zina masharti yake. Panga kwa meli na uvumilie. Povu la PVC nalo ni la kuagiza, ingawa kwa sababu ya wepesi wake na kiasi kidogo kinachohitajika, linaingia hata kwenye begi la ndugu anayerudi safari.

Kisha kuna tabia ya mkono. Poliesta inawekewa hadina kwa kukadiria, kama chumvi kwenye mchuzi: kukiwa na wingu unaongeza, jua likiwa kali unapunguza. Fundi aliyeifanya miaka mingi hukadiria vizuri kabisa. Mpe epoksi fundi huyohuyo, na jioni ikikaribia utamsikia:

"Bosi, niongeze hadina kidogo ishike kabla hatujafunga?"

"Hapana fundi. Hii ikizidi haikauki, inabaki mpira."

"Hata kidogo tu?"

"Hata kidogo. Mizani ile pale."

Epoksi hupimwa kwa uzito, kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, basi. Kutaka ikauke upesi unabadili aina ya hadina, hubadili kiasi. Changanya kidogokidogo, kwenye chombo kipana na kifupi. Kwenye joto letu kikombe kilichojaa huchemka chenyewe na kugeuka jiwe kabla hujamaliza tabaka la kwanza.

Unyevu wa pwani ni adui mwingine wa epoksi. Wakati wa masika hasa, Machi hadi Mei, juu yake hutokea utando unaoteleza kama nta. Ukipaka tabaka jingine juu yake hayatashikana. Osha kwa maji na brashi ngumu, kausha, piga msasa, ndipo uendelee. Anza asubuhi jua likishapanda, si alfajiri kukiwa na umande.

Kwa afya: glavu na barakoa kwa zote, vumbi la kaboni lisisambae kwenye nyaya za umeme kwa sababu linapitisha umeme, na hadina ya poliesta ikikuingia machoni inaweza kukupofusha. Vaa miwani. Kaboni isigusane pia na alumini moja kwa moja. Penye chumvi ya bahari alumini italika. Weka tabaka jembamba la kitambaa cha kioo katikati. Na kama antena ya redio iko ndani ya boneti, kaboni itaizibia mawimbi.

Inamfaa nani

Kitambaa na epoksi ni ya mwenye nyufa za matundu na matabaka yaliyoachana, anayeweza kupima kwa mizani na kusubiri. Mati na poliesta ni ya mwenye boneti ya poliesta, eneo bovu dogo, na ndege ambayo pua yake ina nafasi ya kubeba uzito. Pia ni njia halali ya kutengeneza kalibu na vifaa vya majaribio, ambapo uzito si kitu. Mbavu ni za mwenye boneti nzima, isiyo na ufa, ila legevu. Kaboni ni ya mwenye kuunda boneti mpya kuanzia mwanzo, au mwenye ndege inayohesabu kila gramu na fundi aliyeizoea.

Kwa hali yako

Mashavu yanapumua, hakuna nyufa: mbavu za povu, na usiguse kingine. Ukiweka matabaka mawili kila mahali utaongeza uzito mara nne ili kupata ugumu mdogo zaidi pale unapouhitaji.

Nyufa ziko kwenye matundu ya skrubu peke yake: kitambaa na epoksi, vipande viwili au vitatu kuzunguka kila tundu, kila kimoja kikubwa kuliko cha chini yake, na washa pana (kisahani chenye tundu) chini ya kichwa cha skrubu. Tabaka la boneti nzima halihitajiki.

Hujui boneti yako ni ya poliesta au epoksi: ichukulie kuwa ni ya epoksi, tumia epoksi. Hutakosea.

Una safari wiki ijayo na dukani kuna mati tu: kwa ufa mdogo kwenye boneti unayoijua kuwa ni ya poliesta, kiraka cha mati kinawezekana, mradi kiwe kidogo na kipimwe uzito. Kwa ufa mkubwa, safari isubiri.

Resini imeungua karibu na ekzosi: kata eneo hilo lote hadi ufikie faiba yenye mlio mkavu, jenga upya kwa kitambaa na epoksi iliyopashwa joto, kisha weka ngao. Bila ngao utarudia kazi hiyohiyo.

Njia yoyote utakayochukua, pima boneti kwa mizani kabla na baada, fanya upya hesabu ya kitovu cha uzito, iandike kwenye kumbukumbu za ndege, na zungumza na mkaguzi anayeisimamia ndege yako chini ya taratibu za TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) kabla ya kupaa.

Na kama ufa umerudi mahali palepale baada ya ukarabati uliofanywa vizuri, acha kuangalia boneti. Kagua usawa wa propela na mpira wa kushikia injini. Mpira uliochoka huacha injini icheze na kuigonga boneti kwa ndani, na alama za mgongano huo utaziona ukimulika tochi kwenye ukingo wa matundu ya mbele, pale rangi ilipokwanguka.